Children of Virtue and Vengeance: mbona kitabu cha pili kimepwaya hivi? Niendelee na cha tatu?

BintiMsomaji

Wakuu habari za jioni. Nauliza wale mliosoma trilojia ya Tomi Adeyemi mpaka mwisho. Kama hujasoma na una mpango wa kusoma ishia hapa, nitataja matukio ya ndani kabisa mpaka nani anakufa.

Nasoma na kundi la wasichana wa sekondari, tunakutana mwisho wa wiki tunajadili. Tulianza na Children of Blood and Bone, kile cha 2018, na sijawahi kuona watoto wamekamatwa na kitabu namna ile. Zélie mtoto wa mvuvi wa Ilorin, mama yake aliuawa pale mfalme Saran alipoamua kuwamaliza wote wenye uchawi, amekua anaitwa funza kwa sababu ya nywele zake nyeupe. Halafu Amari binti mfalme anashuhudia baba yake mzazi anamuua Binta, kijakazi ambaye ndo alikuwa rafiki yake wa pekee, anaiba ile hati ya kuamsha uchawi anatoroka nayo, anamkimbilia Zélie sokoni Lagos. Kuanzia hapo hupumui. Na mambo yana mizizi, hasira ya Zélie unaijua imetoka wapi, woga wa Amari unaujua umetoka wapi, hata Inan yule kaka yake Amari anayewawinda huku mwenyewe ana uchawi anaouficha, unamchukia na unamhurumia kwa wakati mmoja.

Sasa cha pili, kilitoka Desemba 2019. Wazo lake nalisifu bila kinyongo, ni zuri kuliko hata la cha kwanza. Ile ibada ya kurudisha uchawi imewarudishia mpaka maadui, yani makabaila na maofisa wa jeshi ambao kwenye damu yao kulikuwa na asili ya uchawi nao wanaamka na nguvu, wanaitwa tîtán. Zélie amempoteza baba yake ili kuleta silaha ambayo adui naye kaipata siku hiyohiyo! Na malkia Nehanda mama yake Amari anatokea kuwa hatari kuliko wote maana anafyonza nguvu za tîtán wenzake anazitumia yeye. Niliposoma hapo nikajua kazi ipo.

Halafu kazi yenyewe haikuja. Kurasa mia tatu na kitu watu wanazunguka palepale, Zélie anamtaka Inan afe, anakutana naye anasita, anarudi anamtaka afe tena. Amari anataka amani, amani inavunjika, anataka tena, inavunjika tena. Wale wasichana wawili ambao urafiki wao ndo ulikuwa moyo wa cha kwanza, humu wanatumia kitabu kizima kununiana na kutoambiana mambo ambayo dakika tano za kuongea zingeyamaliza. Wasichana wangu wawili wameacha katikati, mmoja kaniambia wazi kwamba haoni tena kwanini amjali Amari, na nimekosa cha kumjibu kwa sababu kitabu chenyewe hakijanipa jibu.

Swali: kuna mtu alichoka kama sisi akaendelea na cha tatu na akaona faida? Au kuna kitu kwenye hiki cha pili tumekipita bila kukiona?

kalamu_nyeusi

Dada pole ila mi nitasimama upande wa Zélie hapa, kwa sababu kila mahali watu wanamlaumu kwamba amekuwa mtu wa hasira tu na kulia. Jamani huyu mtoto kitabu cha kwanza aliteswa na Saran pale kwenye ngome ya Gombe, alichanjwa mgongoni kwa kisu lile tusi lenyewe, baba yake ameuawa mbele yake, na Inan, kijana aliyempenda, ndo sehemu kubwa ya sababu. Ulitaka aamke asubuhi awe na busara? Mi naona mwandishi alifanya jambo la ujasiri, hadithi nyingi za vijana shujaa anapitia mauaji ya kutisha kitabu cha kwanza halafu cha pili anaamka ana utani na mipango ya vita. Hapa tunaona mtu aliyevunjika anapewa uongozi kabla hajapona. Anafanywa mkuu wa ukoo wake, wale wenye nguvu za roho za wafu, akiwa hawezi hata kujiongoza mwenyewe.

Na kumbuka Adeyemi aliandika mwishoni mwa kitabu cha kwanza kwamba alikiandika kipindi ambacho kila akiwasha habari anaona watu weusi wasio na silaha, wanaume wanawake na watoto, wanapigwa risasi na polisi huko Marekani. Hiyo hasira ya Zélie ina baba na mama. Kuitaka iishe haraka ili sisi tufurahie safari mi naona sio haki.

Ila kuhusu kuzungukazunguka hapo sikatai. Kuna sehemu niliruka kurasa, na mimi huwa siruki.

Nyota ya Pwani

Salaam. Mimi niko Mombasa, nilikisoma kile cha pili mara tu kilipofika huku na nilikuwa nimekisubiri, maana kilipangiwa kutoka mapema 2019 kikasogezwa mpaka mwisho wa mwaka, sote tukasema sawa, yuataka kukitengeneza vizuri.

Dada BintiMsomaji nafikiri tatizo halianzi kwa wahusika, laanzia kwenye mpango wa hadithi. Hebu kiangalie kile cha kwanza. Kuna vitu vitatu vyatafutwa, hati, jambia la mfupa na jiwe la jua, na vyote lazima vifike kwenye kisiwa kitakatifu kabla ya ile siku ya jua kupinduka, siku ikipita uchawi umekwenda daima. Basi kila sura ina saa inayolia. Wakigombana wagombana huku watembea, Zélie na Amari hawawezi kununiana wiki nzima kwa sababu Inan yuko nyuma yao na mbele kuna Ibeji, ule uwanja wanaopigania jiwe kwa merikebu juu ya maji jangwani (mimi ile sehemu niliisoma mara mbili usiku mmoja). Urafiki wao wajengwa na njia. Hawakuwahi kukaa chini wakaambiana sasa sisi ni marafiki, walivuka tu mambo pamoja hadi wakawa.

Cha pili hakina njia na hakina siku ya mwisho. Kuna maficho ya waasi wa Iyika huko milimani na kuna ikulu ya Lagos, na watu wakaa. Wakaa wakifikiri. Vita vyaweza kwisha kesho au mwaka ujao, hakuna kinachowalazimisha. Sasa mwandishi apate wapi msukumo? Autafuta kwenye kutoelewana. Huyu hakumsikia yule, barua haikufika, huyu alidhani amesalitiwa kumbe siye. Mara ya kwanza yakubalika, hata mara ya pili, lakini ya tatu na ya nne yuakuna kifuu kilichokwisha nazi.

Na dunia yenyewe imekuwa ndogo. Kile cha kwanza kilitupitisha Ilorin ile ya nyumba zinazoelea, Sokoto, Chândomblé kwenye hekalu la kuhani Lekan, jangwa, msitu, kila mahali pana harufu yake. Humu nimebaki na pango na kumbi za mikutano. Kuna koo kumi za uchawi, kila moja ina mungu wake na mkuu wake, tungeonyeshwa namna zinavyokaa pamoja, wanavyofundishana, wanavyogombea chakula, watu ambao hawakutumia nguvu hizo miaka kumi na moja na wengine hawakuwahi kabisa. Hapo palikuwa na kitabu kizima! Tumepewa majina na rangi ya mavazi, tukapelekwa vitani.

mla_vitabu

Mi kilichoniudhi ni Inan. Kitabu cha kwanza kuyumba kwake kulikuwa na maana maana alikuwa anapigana na kitu ndani yake, damu yake ina uchawi na amelelewa kuuchukia. Sasa cha pili ameshafufuka (tulidhani kafa bana!), ni mfalme, anajua ukweli wote, baba yake hayupo, BADO anayumba vilevile. Mama yake anamwambia hivi anakubali, Zélie anamwambia vile anakubali. Ndo unataka nimwone mfalme?

Na Roën, yule askari wa kukodiwa, nampenda ila mapenzi yake na Zélie yameingizwa haraka, kila wakikaribia kuongea jambo la maana linatokea shambulio.

Tzain, kaka yake Zélie, ndo kasahaulika kabisa. Kaka mtu amefiwa na baba yuleyule lakini kilio chake hatukioni, yupo yupo tu kumshika Amari mkono.

BintiMsomaji

Asanteni sana, nimesoma zote. Kalamu_nyeusi nakubaliana na wewe kuhusu majonzi ya Zélie na sijawahi kutaka apone haraka. Ninachodai ni kwamba majonzi nayo yana mwendo. Mtu aliyefiwa leo sio yule wa baada ya miezi kadhaa, hata kama hajapona maumivu yanabadilika sura, siku moja unakula ukashtuka umekula, siku nyingine unamchukia hata marehemu. Zélie wa ukurasa wa hamsini na wa mia mbili na hamsini wanasema maneno yaleyale. Isipokuwa sehemu za yule kijana Mâzeli, msaidizi wake. Pale anapomfundisha, anapomcheka, pale naona mtu anajaribu kuishi tena, na ndo maana alivyokufa wasichana wangu walinyamaza wote. Kifo cha Mâzeli kimewaumiza kuliko cha Mama Agba, yule bibi aliyemfundisha Zélie kupigana, ambaye tumekuwa naye tangu sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza, sasa jiulize ni kwanini. Kwa sababu Mâzeli alipewa muda. Mama Agba anajitoa uhai wake kwa ajili ya wengine na baada ya kurasa chache tuko kwenye mapigano mengine.

Nyota ya Pwani umenifungua macho hapo kwenye siku ya mwisho, sikuwa nimelifikiria hivyo.

Ila naomba mnisaidie na Amari maana huyo ndo amenigawia kundi. Wote mnakumbuka Ibadan. Amari anaamini Inan na mama yake wako pale, anajua kuna wanakijiji, anajua Zélie naye yumo ndani, na anaruhusu shambulio liendelee. Wasichana nusu wanasema mwandishi amemharibu, Amari wa kitabu cha kwanza asingeweza. Wengine wanasema ameonyesha ukweli kwamba aliyelelewa na Saran hatimaye anafikiri kama Saran. Mnaonaje?

kalamu_nyeusi

Hilo swali zuri. Mi nipo upande wa pili, kwamba inawezekana kabisa na ndo kitu bora zaidi kwenye kitabu. Angalia anavyoanza. Anajaribu kujitangaza malkia mbele ya watu kwa imani kabisa kwamba damu yake na nia yake njema zinatosha, mama yake anatokea na tîtán wake anasambaratisha kila kitu. Akienda kwa Iyika hawamtaki, naye ni tîtán na kwao tîtán ni adui tu. Anaingia ulingoni na Ramaya mkuu wa ukoo wa wanaoingia akilini mwa watu, anampiga na kumuumiza vibaya sana ili apate kiti kile, na watu wanamwangalia kwa hofu. Kila hatua anajiambia nafanya kwa ajili ya Orïsha, nchi yao. Sauti ya baba yake ipo kichwani tangu kitabu cha kwanza, ile ya kumpiganisha na kaka yake wakiwa watoto mpaka akabaki na kovu mgongoni. Mi nilimwona anaenda Ibadan tangu mbali.

Nyota ya Pwani

Ndugu yangu hatua zipo, wazitaja zote na ni kweli. Lakini zimepangwa tu, hazikuhisiwa. Mtu mpaka akubali kumuua rafiki yake pamoja na kijiji kizima, nataka usiku wa kabla. Nataka nimwone akitafuta njia nyingine akaikosa. Nataka amkumbuke Binta! Binta ndiye aliyemtoa ikulu, msichana aliyeuawa na mfalme aliyesema yuafanya kwa ajili ya nchi. Kama kuna mahali kwenye trilojia nzima ambapo Binta alipaswa kurudi kichwani mwa Amari na kumsimamisha, au Amari amsukume kando kwa nguvu huku alia, ni pale. Mambo yenyewe yapita mbio, sura fupi fupi, huyu asema kurasa nne, yule asema kurasa tano, wapokezana. Kwenye kile cha kwanza sura fupi zilileta kasi. Humu zakata jambo kabla halijaiva.

Kwa hiyo wasichana wako wote wana haki. Amari aliweza kufika pale, lakini sisi hatukupelekwa.

Msomaji Usiku

Naomba nichangie kuhusu mwisho maana hakuna aliyeugusa. Wanavamia ikulu ya Lagos, ushindi wanauona, ghafla Zélie anazinduka yuko ndani ya meli amefungwa minyororo, wametekwa na watu ambao hatujawahi kuwasikia. Watu wengi walikasirika hapo nami nilikasirika, ila baadaye nikaiwaza kwa upande mwingine.

Adeyemi ni Mmarekani mwenye wazazi wa Nigeria, na amesimulia mara nyingi kwamba wazo la hizi hadithi lilimjia Brazil, mji wa Salvador, alipoenda kufanya utafiti akaona picha za orisha kwenye duka la zawadi. Miungu ya Wayoruba, Yemoja, Oya, Sango, iko kule Bahia, jimbo lenye mji huo, kwa sababu watu waliivusha bahari wakiwa kwenye minyororo, na dini yao Candomblé ipo mpaka leo (linganisha na jina la lile hekalu la Lekan). Kwahiyo ile meli mi siioni kama kiini macho cha kuuzia kitabu cha tatu. Ni historia iliyoleta hizo hadithi zote kwenye mikono yake. Sisi wa huku ambao tunaijua Bagamoyo na soko la Zanzibar hatuhitaji kuelezwa msichana mwenye minyororo ndani ya meli maana yake nini.

Shida ni kwamba hakuiandaa kabisa. Hakuna mvuvi aliyeona tanga geni, hakuna kijiji cha pwani kilichokutwa kitupu, hakuna tetesi sokoni. Na Zélie ni binti wa mvuvi, katika wote yeye ndo angesikia kwanza! Jambo zito namna ile limewekwa kurasa za mwisho kama mshtuko, na matokeo yake wasomaji wanaulizana hawa wametoka wapi badala ya kushika vichwa.

mla_vitabu

Daah hiyo ya kijiji cha pwani kitupu ingenimaliza aisee. Mbona rahisi hivyo na hakuiweka.

BintiMsomaji

Msomaji Usiku asante sana, hilo la Salvador nitawasimulia Jumamosi. Sasa cha tatu je? Hiyo meli inalipwa huko?

Msomaji Usiku

Nusu. Children of Anguish and Anarchy kilitoka Juni 2024, miaka minne na nusu baada ya cha pili, kwahiyo kwanza rudia sura za mwisho za cha pili la sivyo utapotea. Kinaanzia melini. Watekaji wanaitwa Skulls, mfalme wao ni Baldyr, na hadithi inahamia mbali na Orïsha mpaka nchi nyingine kabisa inayoitwa New Gaīa. Sura za melini ni nzuri na ni nzito, tena wenye uchawi na waliokuwa maadui zao wamefungwa pamoja wanalazimika kusaidiana. Ila ile vita ya vitabu viwili, nani atawale, wenye uchawi na wasio nao wataishije nchi moja, Amari atalipaje Ibadan, karibu yote inawekwa pembeni kwa sababu kuna adui mpya mkubwa zaidi. Kama wasichana wako wanadai jibu la Amari na Zélie hawatalipata kwa kiwango wanachotaka. Watapata kupatana, ila kupatana kwa kukimbizwa na hatari. Ni kifupi kuliko viwili vya mwanzo na kinasomeka haraka.

kalamu_nyeusi

Naunga mkono. Mi nilimaliza kwa ajili ya Zélie na sijutii, ila sikumwazimisha mtu yeyote.

Na kama lengo ni kuwaweka sawa kabla ya filamu, ile iliyotangazwa kutoka Januari 2027 ni ya kitabu cha kwanza tu. Anaongoza Gina Prince-Bythewood yule wa The Woman King, Thuso Mbedu ndo Zélie, Viola Davis ni Mama Agba. Kwahiyo hamjachelewa kitu, hata mkiishia cha kwanza mtaielewa yote.

Nyota ya Pwani

Dada mimi kwa kundi la vijana nisingewalazimisha cha pili chote. Waweza kuwapa sura za Mâzeli, ule ugomvi wa Amari na Ramaya, kisha Ibadan, wakazisoma kwa pamoja. Baada ya hapo kila mmoja aandike ule usiku wa Amari kabla ya Ibadan, ambao kitabu hakikutupa. Wale wanaosema angeweza waandike, na wale wanaosema asingeweza nao waandike, halafu wasomeane.

BintiMsomaji

Hili nimelipenda mno. Yule aliyeniambia hamjali tena Amari ndo nitampa aanze yeye. Nitaleta walichoandika hapahapa wakiniruhusu, ila nipeni wiki mbili maana kopi tunazo tatu tu na wako kumi na moja, itabidi sura za Ibadan tuzisome kwa sauti.